Daktari wa Mwangaza na Ng'ombe wa Mama

Kila mtu Yamumbi alimwita Daktari, na kila mgonjwa aliyempigia hodi alirudi nyumbani na homa yake. Alikuwa daktari wa mwangaza. Alifundisha fizikia chuoni, na kwa kuwa nyumba za chuo hazikuwatosha wafanyakazi, alipanga nyumba ya mbao iliyopakana na shamba letu. Wiki yake ya kwanza jirani mmoja alimletea mtoto anayetapika. Daktari alimsikiliza yule mama mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akasema, "Mama, mimi ni daktari wa mwangaza."

Yule mama akamtazama juu mpaka chini. "Sasa mwangaza nao huumwa wapi?"

Daktari akachukua funguo za kigari chake, akawapeleka hospitali. Njia nzima, yule mama alitusimulia, alikuwa akiomba msamaha kwa kutokuwa daktari wa kweli.

Kwao ni wapi na baba yake alikuwa nani, sijui. Alitufikia akiwa mtu mzima mwenye kipara na kikohozi, na huyo ndiye ninayemjua. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ndoa ilikuwa imenishinda nikarudi kwa mama yangu, mjane aliyehamia huku na baba kutoka upande wa Nyeri zamani, wakanunua shamba dogo na kuanza kufuga. Mwanamke aliyerudi kwao ni aibu ya kutosha nyumba moja. Sikuhitaji nyingine. Lakini Daktari alituletea, na alituletea kwa moyo safi kabisa, jambo ambalo mpaka leo hunifanya nishindwe hata kumkasirikia vizuri.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kiburi cha aina yake. Muuza duka akimwambia sukari ni "karibu kilo", Daktari alimjibu, "Karibu ni neno la kumwambia mgeni, si kipimo," na foleni yote ikasubiri mizani itulie. Alibishana na akina mama sokoni juu ya bei ya nyanya hadi wakachoka naye, kisha akawaachia chenji akaenda zake. Alikuwa hawezi kuchinja kuku. Kuku wake walizeeka uani wakafa kifo chao, na watoto wa mtaa wa Langas waliopita kwenda kutafuta kuni walimcheka waziwazi. Mbele ya wanafunzi wake, nasikia, alikuwa simba. Mbele ya chifu sauti yake iliingia tumboni, na siku zile za chama kimoja hakuwa peke yake. Wengi wetu tulikuwa na sauti mbili, ya jikoni na ya barazani.

Mke wake alikuwa mwalimu Kisumu, akija wakati wa likizo. Likizo moja alikuja akakuta mume wake hana pete. Tulisikia mlango ukifungwa kwa nguvu. Baadaye mama huyo alikuja kwetu kuomba moto, akakaa jikoni, akasema bila mtu kumuuliza, "Ameiyeyusha. Pete ya harusi. Kwenye asidi."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Anasema anahitaji dhahabu." Akafuta jicho kwa kiganja. "Kanisani niseme nini? Niseme iliibiwa? Ni afadhali ingekuwa imeibiwa."

Mama yangu alimkatia kipande cha keki. Mimi nilitazama moto.

Ile dhahabu ilikuwa na kazi yake, na Daktari alitueleza siku nyingine mezani kwetu, akitumia tochi, kioo cha Mama cha kujitazamia na glasi ya maji. Alisema mwangaza ukipiga kioo hurudi. Lakini ukipaka juu ya kioo dhahabu nyembamba mno, nyembamba kuliko chochote unachoweza kukiona kwa jicho, iko pembe moja tu ambapo mwangaza haurudi.

"Unaenda wapi?" Mama akauliza.

"Unaingia kwenye dhahabu, Mama. Unakimbia juu yake."

"Kumbe dhahabu inakula mwangaza."

Daktari alifurahi mpaka akakohoa. Alisema ataenda kuwaambia wanafunzi hivyo hivyo. Basi, pale dhahabu inapokula mwangaza, unaona laini nyeusi. Kitu chochote kikija kikashika juu ya ile dhahabu, hata kidogo namna gani, laini nyeusi inahama. Yeye alikuwa ameweka juu ya dhahabu chambo cha kukamata alama za brusela, ile homa inayotoka kwa ng'ombe na kuingia kwa mtu kupitia maziwa, inayokula viungo miezi na miezi huku kila mtu akikuambia ni malaria. Unapitisha maziwa ya ng'ombe juu ya dhahabu. Ng'ombe akiwa mgonjwa, alama zinanasa, laini inahama. Akiwa mzima, laini inakaa.

Shida ilikuwa moja. Laini ilihama kidogo sana, jicho halikuwa na uhakika. Hapo ndipo pete ilipoingia. Aliyeyusha dhahabu, akaipika na dawa fulani mpaka ikawa punje ndogo zisizoonekana, zinaelea majini. Alituletea chupa tuone. Ilikuwa nyekundu, nyekundu ya divai ya kanisani, na mimi nilikataa katakata kwamba ile ni dhahabu. Punje hizo zilikuwa zinakuja kushika juu ya kile kilichonaswa, zinakiongezea uzito, na laini inaruka kiasi cha kuonekana na mtu yeyote. Alisema huko ng'ambo wapo watu wanafuata njia hiyo hiyo wakiwa na vyumba visivyo na vumbi na mashine za bei mbaya. Yeye alikuwa na sanduku la mbao alilotengenezewa na fundi wa mjini, limepakwa rangi nyeusi ndani, na stima iliyokatika ikijisikia.

Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu baadaye watu walisema sanduku lile lilikuwa la mchezo. Halikuwa. Alipima maziwa ya mashamba mengi, akilinganisha na vipimo vya damu vya daktari wa mifugo, na vilikubaliana. Wakati wa kupima alikuwa mtu mwingine kabisa, hakohoi, haombi radhi. Nilimwona mara moja chuoni nikiwa nimempelekea ufunguo aliousahau kwetu, nikasimama mlangoni nikaogopa kumwita.

Habari zikapanda juu, na za namna hiyo zilipendwa. Mkubwa mmoja kutoka wilayani akataka aonyeshwe mbele ya wananchi, kwenye siku ya wakulima, uwanjani. Chifu akapita nyumba kwa nyumba. "Kila mwenye ng'ombe alete maziwa. Wakubwa watakuwepo. Msitutie aibu."

Mama alikuwa na ng'ombe wawili, Njata na mtoto wake wa kike, ambaye tulizoea kumwita ndama ingawa alikuwa ameshazaa na ndiyo mwanzo ameanza kukamuliwa. Njata ndiye aliyenisomesha. Maziwa yake yalikwenda kwa mzee mmoja Msomali mwenye hoteli mjini, na mzee huyo alikuwa akisema chai yake haina siri yoyote isipokuwa ng'ombe wa yule mama wa Yamumbi. Kwa hiyo Mama alienda uwanjani amefunga kitambaa chake kizuri cha kichwa, amebeba jagi la enameli lililofunikwa. Mimi nilikuwa na watoto wa shule waliopangwa kuimba.

Sanduku liliwekwa kwenye hema jeusi, na mwangaza wake mwekundu ukatupwa kwenye turubai ili kila mtu aone. Laini nyeusi ilikuwa pale, katikati. Maziwa ya kwanza yakapita, laini ikakaa. Ya pili, ikakaa. Watu wakapiga makofi kila mara, mkubwa akitabasamu. Nafikiri alikuwa ameanza kuchoka na laini isiyofanya kitu. Yakaja ya Mama.

Laini iliruka.

Daktari alirudia. Ikaruka tena. Mkubwa akasimama, akashika kipaza sauti, akasema sasa mmeona sayansi yetu wenyewe, ugonjwa umekamatwa mbele ya macho yenu, na serikali haitakubali ugonjwa hata siku moja zaidi. Daktari wa mifugo akasema inafaa damu ipimwe kwanza. Alisema kwa adabu, akiwa ameinama. Daktari wetu naye akasema, "Ingefaa tungoje, mheshimiwa." Alilisema. Nililisikia. Lakini alilisema kwa ile sauti yake ya chifu, na mkubwa alikuwa bado ameshika kipaza sauti.

Daktari wa mifugo alifaulu kutoa damu kidogo tu, kisha Njata akapigwa risasi nyuma ya banda letu na askari, akafukiwa kwa chokaa. Mama alisimama na jagi tupu mkononi. Hakulia mbele ya watu.

Kesho yake watu walitupita njiani kwa upande wa pili. Mwanamke aliyemzoea Mama miaka mingi alikuja kusimama kwenye ua wetu akasema, "Na mimi nilikuwa nampa mtoto wangu maziwa yako." Mzee wa hoteli akatuma salamu kwamba wateja wake wamekataa, na pole sana. Ya yule ndama tuliyamwaga. Shuleni mtoto mmoja wa darasa langu aliandika ubaoni "maziwa ya brusela" na mshale unaonyesha kiti changu. Nilifuta nikaendelea na hesabu, masikio yakiwaka.

Kisha majibu ya damu yakaja. Njata alikuwa mzima. Daktari wa mifugo alimwambia Daktari hilo wakiwa peke yao, akamsihi asimtaje popote, kwa sababu mkubwa alikuwa ameshazungumza na aliyezungumza akiwa juu hawezi kuwa amekosea. Daktari alikuja kwetu moja kwa moja, hata gari hakulifunga mlango. Akasimama jikoni akasema yote. Akamaliza kwa kusema, "Nimemuua ng'ombe wako, Mama, na sijui kwa nini laini ilihama."

Mama alikuwa anachagua mchele. Aliendelea kuchagua, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukielewa. Halafu akasema, "Njata harudi. Lakini watu wanasema nimewalisha watoto wao ugonjwa. Hilo lisemwe kwamba si kweli. Lisemwe mbele yao."

Hakuomba kitu kingine. Hilo tu.

Daktari alienda kwa chifu. Chifu alimwambia arudi akafundishe. Alienda mara ya pili, akaulizwa kama anataka kusema serikali iliua ng'ombe mzima. Kwa hiyo akabuni njia yake, na hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni alisimama kwenye lango letu, barabarani, akiwa na tai yake, akanywa kikombe kizima cha maziwa ya yule ndama, mabichi, polepole, watu wakipita. Akimaliza anafuta mdomo na kusema kwa sauti, "Maziwa mazuri sana haya, Mama!"

Unajua watu. Mwanamume mwenye shahada, hana pete kidoleni, mke yuko Kisumu, kila asubuhi yuko kwenye lango la mjane. Wiki haikuisha wakawa wanatucheka. Wengine walisema ni Mama, wengine wakasema ni mimi. Nilimngojea asubuhi moja nikamwambia, "Daktari, nakuomba, uyanywee ndani."

"Ndani hakuna anayeona, Mwalimu."

"Ndiyo maana."

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. Alikuwa hajui kabisa yanayosemwa. Nilipomweleza aligeuka rangi, akaweka kikombe juu ya nguzo, akasema, "Haki, mimi ni mjinga." Kesho yake hakuja. Ya kushangaza ni kwamba Mama alisimama langoni akimngoja, kisha akarudi ndani na kikombe, akaonekana kama aliyepunguziwa mzigo na kuongezewa mwingine.

Mwishowe Daktari alisema kwenye baraza la chifu, baada ya mvua ndefu za masika. Chifu alikuwa amemaliza habari za vikundi na miti, akauliza, kama desturi, kama kuna mwenye swali, bila kutazama watu. Daktari alisimama. Akasema, na safari hii hakusema kwa sauti ya chifu:

"Sina swali. Mashine yangu ilikosea. Ng'ombe wa mama huyu alikuwa mzima, damu yake ilipimwa, na maziwa yake hayakuwa na ugonjwa. Aliyekosea ni mimi, na aliyeamuru kabla ya damu kupimwa naye alikosea."

Chifu akafanya ishara, mtu akaanzisha wimbo wa chama. Wimbo siku zile ulikuwa unazima chochote. Watu wote wakasimama, wakapiga makofi, na mimi nilikuwa miongoni mwao kwa sababu mwalimu asiyepiga makofi huulizwa kesho yake. Katikati ya nyimbo zile Daktari alibaki amesimama mdomo wazi, akiendelea kusema maneno yasiyosikika. Nilimtazama Mama nikidhani nitamwona amefurahi. Alikuwa ameinamisha kichwa, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi.

Walifunga chumba chake chuoni. Sanduku halikuonekana tena. Hakukamatwa, shukuru Mungu, lakini mkataba wake haukuendelea, na akaenda kufundisha shule moja ya wasichana mbali na kwetu. Siku ya kuhama alikuja kutuomba msamaha tena, na Mama hakutoka nje. Alisema anaumwa na kichwa. Niliona haya mno, maana mtu alikuwa amepoteza kazi kwa ajili yetu, nikamfungia viazi kwenye gunia nikasema uongo wa heshima.

Lakini neno lilikuwa limesikika. Wimbo haukuwa na nguvu ya kulimeza lote. Mzee wa hoteli alituma mkebe mtupu asubuhi iliyofuata, na kijana aliyeuleta akasema mzee anauliza kama maziwa ya leo yapo. Yule mwanamke aliyesimama kwenye ua wetu alirudi na mayai. Mambo yakatulia. Mama peke yake ndiye hakutulia. Kanisani alihama kiti cha mbele akakaa nyuma karibu na mlango. Mtu akimtaja Daktari aliondoka chumbani. Nilidhani ni hasira ya Njata, na nilimlaumu kimoyomoyo kwa kuwa mgumu hivyo.

Tulimwona tena mwishoni mwa siku zile za chama kimoja, watu walipokuwa wameanza kusema mambo kwa sauti ya jikoni hata wakiwa nje. Alikuja kwa miguu kutoka steji ya magari, nywele zilizobaki zimekuwa nyeupe. Pete mpya ilikuwa kidoleni, ya fedha. Alisema amesoma kwamba ng'ambo sasa wanauza mashine ya namna ile, imewekwa ndani ya kasha zuri, madaktari wa hospitali wanaitaka. Nilitarajia uchungu kwenye sauti yake. Hakuwa nao, au alikuwa ameuacha nyumbani.

"Lakini sijawahi kujua, Mwalimu," akaniambia. "Nimejaribu maziwa yenye maji. Yenye chumvi. Ya ng'ombe aliyezaa juzi. Nimejaribu mafuta, joto la chumba, uchafu wa chombo. Hakuna linaloirusha vile. Nimekuja kumuuliza Mama. Ni jambo la kwanza ambalo ningefanya kama angekuwa mkulima mwingine yeyote. Kwake nilishindwa. Utamuuaje ng'ombe wa mtu, halafu umwulize maswali?"

Mama alikuwa uani anapukuchua maharagwe. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini alikitambua kikohozi cha Daktari. Hakuondoka safari hii. Daktari alichuchumaa mbele yake.

"Mama, yale maziwa ya siku ile. Kabla ya kuyaleta uwanjani, uliyafanya nini?"

Mikono ya Mama ikasimama.

"Niliyachemsha," akasema.

Daktari akafumba macho.

"Wakubwa walikuwa wanakuja," Mama akasema haraka, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayejitetea. "Chifu alisema tusiwatie aibu. Nilijua watayaonja. Utampa mgeni mkubwa maziwa mabichi? Na kliniki walikuwa wametuambia tuchemshe, tuchemshe, kila siku tuchemshe. Nikachemsha vizuri, nikayapoza. Nilipofika pale nikaona wenzangu wote wameleta mabichi."

"Kuchemsha hubadilisha maziwa," Daktari akasema polepole. "Yanakuwa yanashika kila kitu. Dhahabu, punje, yote." Aliacha hapo. "Mama, ungeniambia."

"Nilitaka kukuambia. Laini iliporuka, watu wote wananitazama, nikaona aibu. Mwanamke mzima hata maziwa ya kupimwa hajui kuyaleta. Nikasema Daktari ataniuliza sasa hivi. Wakampiga Njata, hukuniuliza. Ukaja jikoni kukiri, nikangoja, hukuniuliza. Ukanywa langoni, nikasimama na wewe kila asubuhi nikisema leo, leo ataniuliza. Ukaenda barazani ukasema mashine imekosea, na mimi nimekaa pale najua haijakosea. Ukafukuzwa kazi. Baada ya hapo ningekuangalia na macho yapi?"

"Mimi ndiye niliyeona aibu, Mama."

"Hata mimi."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mama alivuta kitambaa akafunika uso wote, mabega yakaanza kutikisika, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia, maana hata siku ya Njata sikumwona. Daktari alikaa chini kabisa, kwenye vumbi na maganda, na suruali yake ya kufundishia. Mimi niliingia jikoni nikajifanya nawasha moto, kwa sababu sikujua niyaweke wapi macho yangu.